Mheshimiwa Nani, na Maji Yako Wapi?

Wasikilizaji, juma hili nina neno juu ya vyeo tunavyovipanga katika barua za serikali.

Kuna wakati nchini kwetu Ndugu lilitosha. Karani alikuwa Ndugu, Waziri alikuwa Ndugu, na Rais aliitwa Ndugu Rais. Chini ya barua tukaandika, "Wako katika ujenzi wa Taifa." Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Ndugu akazidi kurudi nyuma, na Mheshimiwa akaketi karibu kila ofisi.

Sina ugomvi na heshima. Lakini majuzi mama mmoja wa huku milimani Uluguru aliniletea barua yake niitazame. Mistari minne ya kwanza ilikuwa Mheshimiwa, Mtukufu, na kuomba radhi kwa usumbufu. Kwamba bomba la kitongoji chao halitoi maji tangu kiangazi, hilo lilikuwa mstari mmoja, mwisho kabisa. Nikamwuliza sababu. Akanijibu, "Mwanangu, ukimkosea mkubwa cheo, barua yako italala mezani."

Hiyo si heshima, ni hofu. Na utaratibu wenyewe haudai hivyo. Barua ya serikali huandikwa kwa cheo cha kazi: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya. Kama inapitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, unaandika K.K. na cheo chake. Kisha Yah:, halafu haja yako, waziwazi. Mkurugenzi akihamishwa, barua inabaki na ofisi. Mama yule tukampandishia bomba lake likakaa juu.

Waluguru wanaijua tofauti ya kiti na mkaaji. Kule Kinole, Kingalu ni jina la kurithiwa. Anayekalia kiti hulichukua. Serikali iliwaondolea machifu madaraka mwaka 1963, lakini hadi leo watu humwita Chifu Kingalu bila waraka wa kuwaamuru.

Na pale Mzumbe, chini ya milima hiyo hiyo, watumishi wa serikali za mitaa wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1953. Wanaotoka huko wakumbuke kuwa na huyo mama anastahili jibu linaloanza na Ndugu au Bibi, lenye tarehe na sahihi.

Heshima si utumwa, walisema wahenga. Ofisa anayetaka kuitwa Mheshimiwa, basi na ajibu barua.