Orodha ya Taarifa Si Ukaguzi wa Kazi



Orodha ya taarifa inayompasha kila mfanyakazi habari za miradi yake imekuwa chombo cha kawaida cha kazi za pamoja. GitHub, ambako tangu mwaka 2008 watengenezaji wa programu wa nchi nyingi huweka kazi zao, humwonyesha kila mwanachama orodha yake mwenyewe: nani kabadili nini, nani kauliza swali, mradi upi umetoa toleo jipya. Faida yake ni dhahiri. Mtu aliyeko Mwanza hana haja ya kungoja mkutano ili ajue mwenzake wa Berlin amefikia wapi.

Lakini orodha hiyo husema kwamba jambo limetendwa; haisemi kama limetendwa vyema. Wako wasimamizi wanaoridhika kuliona jina la mtu likijitokeza kila siku, sawasawa na mnyapara wa shamba la mkonge anayehesabu sahihi za mahudhurio asiende kuitazama palizi.

Mfano upo. Programu ya xz, itumiwayo kubana mafaili katika kompyuta nyingi za Linux, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea. Akajitokeza mgeni, akachangia kwa bidii kwa zaidi ya miaka miwili, hata akaaminiwa na kupewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mwezi Februari na Machi, 2024 yalitoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri wa kumwezesha mvamizi kuziingilia kompyuta za watu. Aliyekuwa akiufuata mradi huo katika orodha yake aliona juhudi tu. Sehemu ya hila ilifichwa ndani ya mafaili yaliyoitwa ya majaribio. Sehemu nyingine haikuwamo kabisa katika hazina ya wazi, bali katika vifurushi vya matoleo.

Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kuona kuwa kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa kama nusu sekunde. Wengine wangepuuza. Yeye alichunguza, na tarehe 29 Machi, 2024 akatangaza.

Kwa hiyo kila kikundi hakina budi kumteua mtu wa pili, asiyekuwa mtendaji, wa kulisoma badiliko lenyewe kabla halijapokewa. Aidha, mtunzaji anayefanya kazi peke yake apatiwe mwenzake mapema, angali ana nguvu za kumchagua.