Mwenye Shamba Alijibu Mwenyewe
Dominika ya 25 ya Mwaka A: Mathayo 20:1-16



Wapendwa wasikilizaji, mlio majumbani, mlio vitandani hospitalini, mlio safarini, nanyi mlio lindoni au katika zamu ya kiwanda saa hii wenzenu wakiwa kanisani, nawasalimu wote kwa jina la Bwana.

Injili ya leo inatupeleka sokoni, mahali ambapo watu wasio na kazi husimama wakingoja kuitwa. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja. (Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa saa hizo, ndizo zetu.) Kwa kawaida tunahubiri juu ya wale wa mwisho waliolipwa dinari sawa na wa kwanza, na ni vema. Lakini leo nawaomba tumtazame mtu ambaye sisi wahubiri humpita bila salamu. Huyo ni msimamizi.

Jioni mwenye shamba hawalipi watu kwa mkono wake. Anamwagiza msimamizi awaite na kuwapa ujira, na msimamizi anafanya hivyo. Kisha yanatokea manung'uniko. Hapo ndipo jambo linaponigusa: Mathayo hasemi kwamba walionung'unika walirudishwa kwa msimamizi. Mwenye shamba anajibu mwenyewe. Anamwita mmoja wao rafiki na kumkumbusha mapatano yao. Unaweza kulipenda jibu lake au kutolipenda, lakini wale watu walijua wanasema na nani.

Miaka michache iliyopita alinijia ofisini mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo. Ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja. Alikuwa akifungasha bidhaa katika kiwanda kimoja, lakini hakuajiriwa na kiwanda. Aliletwa na wakala wa ajira. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Ukiisha, anakaa nyumbani siku chache, kisha anatia saini mwingine. Hivyo ndivyo alivyoishi kwa karibu miaka mitatu: lango lile lile, meza ile ile, msimamizi wa zamu yule yule. Mama yake mzazi alipougua kijijini, akaomba likizo yenye malipo. Ofisi ya kiwanda ikamwambia, "Wewe si mtu wetu, nenda kwa wakala." Wakala akamwambia, "Mkataba wa miezi mitatu hauna likizo, na ruhusa anatoa mwenye kiwanda." Akarudi kiwandani. Mwishowe akaenda kumuuguza mama yake siku tisa bila malipo, na aliporudi alikuta kitambulisho chake kimefutwa langoni.

Akaniuliza, "Padre, hivi mwajiri wangu ni nani?"

Nilisomeshwa maadili kwa miaka kadhaa seminarini, lakini swali hilo sikuwa nalo katika madaftari yangu. Nikamwambia tusali, tungoje, tuone. Nitaeleza baadaye ubaya wa jibu hilo.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo, sikukuu zitakazoangukia humo zikihesabiwa ndani yake. Mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki hiyo. Ndipo werevu wa wana wa dunia hii ulipopenya: mpe miezi mitatu, mpumzishe wiki, mpe mitatu mingine, hatatimiza sita kamwe! Lakini watunga sheria waliliona jambo hilo. Imeandikwa kwamba aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri huyo huyo, na vipindi vyake vikijumlishwa vikapita miezi sita, anastahili likizo. Mfanyakazi wa msimu naye hakusahauliwa. Tena anayeondoka kazini kabla ya kuchukua likizo aliyokwisha kuistahili hulipwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Aliyefanya kazi siku 156 ana malipo ya siku 12. Kwa mama yule, siku 12 ni unga wa mwezi na nauli ya kwenda kwa mgonjwa.

Uzito wote umelala katika maneno "mwajiri huyo huyo". Nyumba ikiwa na milango miwili, na kila mlango ukisema mwenye nyumba yuko ule mwingine, haki inabaki barazani.

Kanisa halikuanza jana kulisemea jambo hili. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum, alifundisha kwamba katika kila mapatano ya kazi, yawe yametamka au hayakutamka, limo sharti la kumwachia mfanyakazi nafasi ya kupumzika mwili na roho. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alitaja pumziko la kila juma na likizo ya kila mwaka kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Katika waraka huo huo akatufundisha kuwatazama waajiri wa namna mbili: yule anayetia saini mkataba na mfanyakazi, na yule asiye wa moja kwa moja, yaani watu, taasisi na taratibu ambazo hazitii saini yoyote lakini ndizo zinazoamua mfanyakazi ataishije. Nao wana wajibu. Na kabla ya mapapa, kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinapoamuru pumziko la siku ya saba kinamtaja mtoto wa mjakazi na mgeni. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina asili moja na neno la nafsi, au pumzi. Mtoto wa mjakazi naye avute pumzi! Likizo isiyo na malipo haimpi maskini pumzi hiyo, kwa maana siku hizo anazunguka mjini kutafuta kibarua kingine.

Nilikuwa nikiandaa mahubiri kama haya, ya kuwakemea wenye viwanda, jioni moja nikitembea uani. Mlinzi wa parokia akanifungulia lango. Ni mzee aliyenizidi umri, ameletwa na kampuni ya ulinzi. Nikakumbuka kwamba kwa miaka minne nimemwona pale Noeli zote na Pasaka zote. Nikamwuliza, "Shikamoo mzee wangu. Hivi likizo yako huwa lini?" Akacheka kwa adabu. "Marahaba, Baba Paroko. Likizo ni ya waajiriwa. Sisi ni watu wa kampuni."

Sikuyamaliza yale mahubiri.

Tulimwita mwenye kampuni, akaja na karatasi zake, akasema ukweli mchungu: "Padre, bei mliyokubali haina siku 28 ndani yake." Mlinzi akiwa likizoni lazima alipwe, na anayeshika lango badala yake naye alipwe. Kulinda lango miezi 12 kunahitaji mishahara karibu ya miezi 13. Sisi, katika kamati ya fedha, tulikuwa tumepokea bei tatu na kuchagua ndogo kuliko zote, tukamshukuru Mungu kwa kubana matumizi. Likizo ya mzee yule tuliikata siku ile, mezani petu, baada ya sala ya kufungua kikao. Kampuni ina kosa lake, na nilimwambia mwenyewe bila kuficha. Lakini nisingeweza kumwambia mzee, "Nenda kwa msimamizi."

Tumepandisha malipo, na mkataba mpya unataja likizo kwa idadi ya siku. Dari ya ukumbi itangoja. Baadhi ya wajumbe walinung'unika, wakasema walinzi wamejaa mjini. Ndiyo, wamejaa, kama walivyojaa sokoni katika Injili ya leo. Mwenye shamba hakuwapunguzia dinari kwa sababu hiyo.

Sasa nirudi kwa yule mama, kama nilivyoahidi. Malalamiko ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na yana muda wake: siku 30 kama ni juu ya kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Nilipomwambia tungoje, siku zile zilikuwa zinahesabiwa. Zilipita akiwa ananingoja mimi. Mtu anaweza kuomba asikilizwe nje ya muda akiwa na sababu za msingi, lakini yeye alikwisha kata tamaa. Nimemwomba radhi. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Kwa hiyo, katekista, mtu akikujia na neno la namna hii, sali naye, kisha umwulize siku hiyo hiyo: uliachishwa lini? Mwambie atunze mikataba yote, hata iliyokwisha, hati za malipo na kitambulisho, tena aandike tarehe za kuanza na kumaliza kila kipindi, na jina la aliyekuwa akimpangia kazi. Nanyi mlio katika kamati za parokia, shule na zahanati zetu, kabla ya kupokea bei ya mlinzi, mpishi au mfagiaji wa kampuni, ulizeni siku 28 zake ziko katika mstari upi.

Mzee wetu wa lango alikwenda kwao kwa siku 28, mara ya kwanza tangu tumfahamu. Kijana aliyeshika nafasi yake alilipwa. Malipo ya ile miaka minne ya nyuma bado tunabishana na kampuni. Wao wanasema yamepitwa na wakati, sisi tunasema hapana, na kikao kingine kimepangwa baada ya Dominika ijayo. Mwenye shamba atahudhuria mwenyewe.

Tumsifu Yesu Kristo.