Kijana Mwenye Barua Mbili

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya elimu kwenye semina ya kamati za parokia)



Zamani kilio chetu kilikuwa vijana kukosa nafasi ya chuo. Siku hizi tunacho kingine: kijana amepata nafasi mbili, na hajui anataka kusoma nini.

Naanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita alitujia kijana, mtoto wa mjane, aliyesoma mchepuo wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Alichaguliwa kusoma Takwimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Uchumi Kilimo pale Sokoine, Morogoro. Tulipomwuliza anapenda ipi, alijibu, "Sijui, wazee wangu." Tukaona hana msimamo. Tukamchagulia Dar es Salaam, kwa sababu tu ndilo jina tulilolizoea. Mwaka wa pili aliacha masomo akarudi nyumbani. Mama yake alikuwa ameshauza ng'ombe wawili. Hakutulaumu hata kidogo, na hilo linaniuma hadi leo.

Wafadhili wetu wa Marekani huuliza: kwa nini asingeingia chuo kwanza, akaamua baadaye? Kwao vyuo vingi vinaruhusu hivyo. Kwetu mwanafunzi huomba programu maalumu tangu mwanzo. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu kwenye simu, naye huthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Siku hizo ni chache. Ndipo kamati inapohitajika.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tusimkaripie anayesema "sijui". Hajawahi kumwona mtakwimu akiwa kazini, atajuaje? Tumkutanishe na watu tulio nao: ofisa ugani wa kata, mhasibu wa SACCOS, mwalimu.

Pili, tuweke orodha za masomo ya programu zote mbili mezani, tusome naye. Tumwulize: ukibadili mawazo baada ya mwaka mmoja, ipi itakuachia njia nyingi zaidi?

Tatu, tupige hesabu ya ada, chakula, malazi na nauli. Bodi ya Mikopo ipo tangu 2005, lakini si kila mwombaji hupata mkopo, na anayepata huenda asipate wote. Pengo linalobaki lijulikane kabla ya kuthibitisha.

Nne, tuulize mapema habari za kuhama. Kuhama programu au chuo kunaruhusiwa kwa mwenye sifa, nafasi ikiwepo, katika muda mfupi uliopangwa. Mkopo nao lazima ufuatiliwe. Asitegemee kuhama, ila ajue mlango uko wapi.

Baada ya hayo, kijana aamue mwenyewe na aingize ile namba kwa mkono wake. Kukaa kimya mpaka siku zipite nako ni kuamua, tena vibaya.

Mwaka jana alikuja binti mwenye barua mbili kama zile. Tulimpa siku tatu na nauli ya kwenda kuviona vyuo vyote viwili. Alichagua Morogoro. Mpaka sasa hasemi kama atafanya kazi ya kilimo, wala hatumsukumi. Lakini likizo iliyopita alikuja mwenyewe kwenye kamati kutueleza anachosoma, jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya hata mara moja.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila kamati itenge fungu la nauli hiyo. Ni pesa kidogo sana ukilinganisha na ng'ombe wawili.