Shahada ya Biashara Wakati Soko Limelala

Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, watalii waliokuja Tanzania walishuka hadi takriban 620,000, kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia. Arusha na Zanzibar, wafanyakazi wengi wa utalii walirudishwa nyumbani bila mshahara.

Lakini kwa anayetaka shahada ya biashara, wakati kama huo una nafuu yake. Gharama kubwa ya kusoma, mara nyingi kuliko hata ada, ni kipato unachokiacha ili uingie darasani. Ajira zikikauka, unachokiacha hupungua.

Na somo lenyewe lina kazi leo leo. Mwenye duka aliyefundishwa mtiririko wa fedha hufungua daftari akaona: anauza kwa faida, ila fedha zimelala kwa wateja waliokopa, na kodi ya fremu ni kesho. Maduka mangapi mazuri yamefungwa kwa kutojua hilo! Inauma.

Shahada haikuhakikishii ajira, na mkopo wa elimu ya juu hurejeshwa. Kama una kibarua, usikiache. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, hukuwezesha kusoma ukiwa kazini. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo na programu hiyo vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.