Uzi na Njia: Masafa ya Anga Baina ya Mwanza na London



Nimekuja hapa Shinyanga na tufe la dunia lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, na uzi wa mshonaji. Nami, mkiniwia radhi, nitaubana uzi huu kwa kidole gumba penye Mwanza, kisha nitauvuta hadi London mpaka ukaze, kwani uzi uliokazwa juu ya tufe hujichagulia wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote. Na kwa bahati njema lugha yetu huviita vipimo vya pembe kwa jina lilo hilo: umbali huu ni takriban nyuzi 61, na kila uzi juu ya uso wa dunia ni kilomita 111 hivi, basi hisabu yake haipungui sana kilomita 6,770.

Masafa hayo ni sahihi, ila sidhani kama yupo abiria aliyepata kuyasafiri. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia yake ya Afrika kutoka London, na mwisho wake haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza, jambo ambalo vijana wetu hawasimuliwi. Barua zilipitia Ulaya, zikavuka bahari kwa ndege ituayo majini, zikapanda garimoshi huko Misri, zikaufuata mto Nile hadi Khartoum, ndipo zikaletwa ziwani kwetu baada ya zaidi ya wiki nzima. Na ile iliyoandikiwa mtu wa Shinyanga ilikuwa bado na safari ya reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928.

Vitu vyetu vimekuwa na bahati kuliko sisi. Jirani yetu Mwadui, kwenye machimbo aliyoyavumbua Dk. Williamson mwaka 1940, ilitoka mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, yaani gramu zisizotimia 11, nayo ikaishia London, tunu ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth, ikachongwa hadi ikabaki karati 23.6. Jiwe halina mizigo, wala halilali stendi.

Lakini mtu wa Geita, ambaye Mwanza yake haifiki kilomita 100 kwa uzi, alikuwa akiamka alfajiri ili awahi kivuko cha Busisi, akapanga foleni nyuma ya malori. Na hadi lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, mwezi Juni 2025, aghalabu kuuvuka mkono ule wa ziwa, usiozidi sana kilomita 3, kulimchukua muda mrefu kuliko ndege ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam.