Michezo ya Shule: Timu ni ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mchinga)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi mliopanda basi tangu alfajiri, na ninyi wenzangu ambao vipara vimewapendeza.

Nashukuru kwamba safari hii tumekutana hapa Mchinga, kwetu. Wale mliokuwa mkinitania bwenini kwamba kwetu ni minazi na upepo tu, leo mmekula samaki wa upepo huo na wengine nimewaona mkiongeza sahani.

Katibu amenitaka nizungumze juu ya michezo na masomo. Mimi si kocha. Ni mtumishi wa halmashauri, na kutwa nashinda na majalada. Lakini katika ajenda ya leo alasiri kuna pendekezo kwamba tuchange fedha ili shule iandikishe vijana wanne au watano wa vilabu vya mtaani, mwakani tutambe katika UMISSETA. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Ngazi ya UMISSETA mnaijua. Shule hucheza na shule, wilaya ikateua vijana wake, mkoa ukateua kutoka wilayani, na ni mkoa unaokwenda fainali za taifa, kama zile zilizofanyika kwa jirani zetu Mtwara mwaka 2019 na 2021. Angalieni jambo moja: shule yenyewe hupotea njiani. Kijana wetu hodari akifika juu amevaa jezi ya Lindi, si yetu. Na kwa kuwa ngazi ni ya Serikali, Serikali inaweza kuiondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano haya yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, na wadogo zetu wa wakati ule walimaliza shule bila kuyaona.

Sasa wako wanaosema: tuige Marekani, kule chuo ndicho timu. Kweli. Tena Watanzania wamefaidi. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akacheza kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi ya kulipwa. Lakini mbio hazijazi viwanja. Katika vyuo vingi vikubwa vya kule, michezo mingine huishi kwa fedha za mpira wao wa Kimarekani, ule unaobebwa mkononi kama raga, wachezaji wamevaa kofia ngumu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake hukalisha watu zaidi ya 107,000.

Mpira huo umepangwaje? Daraja la juu kabisa lina vyuo zaidi ya 130. Havipangwi na serikali. Vimejikusanya vyenyewe katika miungano, na iliyo mikubwa ni SEC na Big Ten. Juu yake kipo chama cha vyuo, NCAA, kinachotunga kanuni. Lakini mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi ile ilikinyang'anya mamlaka ya kuuza matangazo ya televisheni ya mpira huo, na tangu hapo vyuo na miungano yao wanajiuzia. Hata bingwa wa daraja hilo hatolewi na chama. Zamani waandishi wa habari na makocha walipiga kura tu. Tangu msimu wa 2014 timu 4 ziliteuliwa na kamati zikapambana, na msimu wa 2024 zikawa 12.

Fedha ikishika usukani, ramani haina kazi. Mwaka 2024 muungano wa pwani yao ya magharibi ulihamwa na vyuo 10, vikabaki 2. Viwili kati ya vilivyohama viliingia muungano wenye jina la Pwani ya Atlantiki, huku vyenyewe viko Pasifiki. Ni kama sisi Lindi tukaombe kucheza na Kagera kwa sababu redio ya kule inalipa vizuri.

Na wachezaji je? Kwa miaka mingi walipewa masomo, malazi na chakula, basi, wakati kocha wa timu kubwa anaweza kulipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Ilibidi waende mahakamani. Tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao wenyewe, na tangu 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi kiasi cha dola milioni 20 kwa mwaka.

Lakini ndugu zangu mnaotaka tuige, mmeanza kusoma kitabu katikati. Chama kile kilizaliwa mwaka 1906 kutokana na aibu. Mwaka wa kabla yake wachezaji wapatao 18 walikufa, wengi wao vijana wa shule, hata Rais Roosevelt akawaita wakuu wa mpira wa vyuo Ikulu. Aibu ya pili ilikuwa mamluki. Mtu alicheza chuo hiki leo na kile wiki ijayo, darasa halijui. Karibu kila kanuni waliyotunga baadaye juu ya nani ni mwanafunzi na kwa misimu mingapi ilikuwa ni kumfukuza mamluki huyo.

Sisi tulimwonja. Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu, timu yetu ilikwenda Lindi mjini na winga wa kushoto wa kuazima, kijana wa klabu mwenye ndevu, akicheza kwa jina la mwenzetu wa darasani. Alifunga mabao mawili. Ngazi ya mkoa tulikamatwa tukaondolewa. Hayo wengi mnayakumbuka na kuyacheka. Msichokumbuka ni kwamba mwenye jina, aliyefanya mazoezi nasi tangu Januari, aliambiwa ashinde bwenini siku mbili, asionekane hata kwenye foleni ya chakula, maana jina lake lilikuwa uwanjani Lindi. Nilimpelekea ugali dirishani. Aliniuliza, "Nimefunga?"

Mwenzetu huyo ni wa hapa hapa Mchinga. Nilimwalika jana ufukweni. Akasema ana nyavu za kushona.

Kwa hiyo alasiri, Ndugu Mwenyekiti, mimi nitalipinga pendekezo hilo, na mchango wangu ninautoa sasa hivi kwa mweka hazina: ni wa kusawazisha goli la upande wa jikoni, lenye mteremko uleule wa tangu enzi zetu, na viatu vya kidato cha kwanza. Mkuu wa Shule anayo orodha ya namba za miguu.