Hiyo Kasi Ilikuwa Wapi?

 

Julai 2024, Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano. Ilitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zishirikiane na kampuni zilizopo. Starlink ilikuwa na mwaka mmoja tu hapa Kenya. Septemba, mteja wa nyumbani anayelipa shilingi 2,999 akapandishwa kutoka Mbps 10 hadi 15, bei ile ile. Sasa jiulizeni: hiyo kasi ilikuwa imefichwa wapi?

Lakini tusishangilie jitu la ng'ambo eti kwa sababu limelitisha jitu la nyumbani. Yuko kijana wa mtaa, ananunua intaneti kwa jumla, anavuta waya mwenyewe, anawauzia majirani Wi-Fi ya siku. Huyo hana wakili wa kumwandikia barua. Fahali wawili wakipigana, yeye ndiye nyasi.

Naomba msimamo wetu vijana uwe huu: leseni ya mdogo iwe na ada ya mdogo, na nguzo za kupitishia nyaya zikodishwe kwa bei moja, iliyo wazi kwa wote. Hilo liingie kwenye manifesto ya chama, si kwenye hotuba tu.